Nguvu za Dunia Zinapohama: Namna Nchi Zinavyojipanga, Ukitazama Kutoka Reli ya Kati

Tarehe 28 Aprili 2022 serikali ya Indonesia ilipiga marufuku uuzaji wa mafuta ya mawese nje ya nchi hiyo, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa kabla ya mwezi kuisha, athari zake zilisikika mbali sana na Jakarta. Indonesia na Malaysia ndizo zinazozalisha sehemu kubwa mno ya mawese yanayouzwa duniani, na Tanzania, kama nchi nyingine nyingi za Afrika, imezoea kuagiza kutoka huko sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Miezi miwili kabla ya hapo vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza, na mafuta ya alizeti yaliyokuwa yakitoka ukanda wa Bahari Nyeusi yalikuwa yamekwisha kuadimika. Mama aliyezoea kununua mafuta kwa kipimo katika duka la mtaani pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, alikuta bei imepanda, na hakuna aliyemweleza kwamba amri iliyotolewa upande wa pili wa Bahari ya Hindi ilikuwa imeingia jikoni kwake.

Jambo hilo linapaswa kutuuma sisi wa Kigoma kuliko watu wa mkoa mwingine wowote, kwa kuwa huu ndio mkoa wa michikichi. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na ulikuwa umekwisha kuzoeleka kando ya Ziwa Tanganyika wakati Malaysia ilipofungua shamba lake la kwanza la biashara mwaka 1917. Wenzetu waliupeleka mti huo maabara, wakapanda kwa wingi aina ya tenera, yenye nyama nyingi na gamba jembamba, wakajenga viwanda na bandari za kuusafirishia. Sisi tulibaki na dura, aina ya zamani yenye gamba nene, tukaendelea kukamua mawese na mafuta ya mise kwa mikono. Kampeni ya kufufua zao hili ilizinduliwa mwaka 2018 chini ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, na miche ikaanza kugawiwa. Hata hivyo, mche wa tenera huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa matunda ya kuvuna, ilhali marufuku ya Indonesia haikufika hata wiki nne.

Tofauti hiyo ya muda ndiyo kiini cha mada hii yote. Misukosuko ya biashara ya dunia huja kwa wiki, lakini majibu yake huchukua miaka, na kwa hiyo nchi inayoanza kutafuta jibu baada ya mshtuko kufika huwa imekwisha kuchelewa. Watu wengi wanapozungumzia namna mataifa madogo yanavyojipanga, huuliza tuko upande wa nani, wa Marekani au wa China. Kwa maoni yangu swali hilo linapoteza wakati. La msingi ni kujua nchi ina njia ngapi za kuuzia, kununulia, kukopea na kusafirishia, na kila moja ya njia hizo ilianza kujengwa lini.

Tuanze na kilichobadilika. Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi mwaka 1995 likiwa na ahadi kwamba nchi zote, kubwa kwa ndogo, zitafuata kanuni moja, na kwamba anayeonewa atakuwa na mahali pa kushitaki. China ilijiunga mwaka 2001 na ndani ya miaka ishirini ikawa kiwanda kikuu cha dunia. Marekani, iliyokuwa mlezi wa utaratibu huo, ilianza kuona kwamba utaratibu wenyewe unamnufaisha mshindani wake. Ikakataa kuidhinisha uteuzi wa majaji wapya wa chombo cha rufaa cha shirika hilo, na tangu Desemba 2019 chombo hicho hakiwezi kusikiliza kesi. Mwaka 2018 ulianza ushuru wa kulipizana kati ya Marekani na China, na Aprili 2025 mvutano huo ulifika mahali ambapo Marekani ilitoza bidhaa za China hadi asilimia 145 na China ikajibu kwa asilimia 125, kabla ya pande hizo mbili kulegeza kamba mwezi uliofuata. Mwezi huohuo wa Aprili, karibu kila nchi duniani iliwekewa ushuru wa msingi wa asilimia 10, Tanzania ikiwemo.

Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji pale bidhaa inapoingia katika nchi ya mnunuzi. Kwa hiyo Marekani ikituwekea asilimia 10, anayeandika hundi ni kampuni ya Kimarekani iliyoagiza mzigo, si mkulima wa Tanzania. Lakini mwagizaji huyo ana mambo matatu ya kuchagua: apandishe bei kwa mlaji wake, akubali faida ipungue, au amwambie muuzaji ashushe bei, na pale muuzaji anapokuwa mdogo asiye na mnunuzi mwingine, mzigo humwangukia yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa Lesotho, nchi ndogo iliyojenga viwanda vya nguo kwa kutegemea msamaha wa ushuru wa Marekani uitwao AGOA, ulioanza mwaka 2000. Aprili 2025 ilitangaziwa ushuru wa asilimia 50, miongoni mwa viwango vya juu kabisa. Kiwango hicho kilisitishwa, na mwezi Agosti kikashushwa hadi asilimia 15, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kufuta oda na wafanyakazi wamekwisha kurudishwa nyumbani. Muda wa AGOA wenyewe ulifika ukomo Septemba mwaka huohuo.

Tanzania haikuumia kwa kiasi hicho, na sababu yake ni kwamba tunaiuzia Marekani kidogo. Hilo si jambo la kujisifia sana, ila linaeleza kwa nini ushuru wenyewe si njia kuu ambayo misukosuko hii hutufikia. Sisi inatufikia kupitia bei ya mafuta, mbolea na ngano, kupitia thamani ya dola, na kupitia uamuzi wa nani ajenge reli ipi.

Reli ndiyo inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu mikoa ya Tabora na Kigoma imeishi na siasa za njia za biashara tangu kabla ya ukoloni. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo, ambaye makao yake yalikuwa Urambo, alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji kwa kuwa wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wakipita katika himaya yake bila kumheshimu wala kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, aliyoitaka. Pembe za ndovu zikakwama, na Sultani wa Zanzibar akalazimika kuingilia kati. Baadaye Mirambo aliandikiana na balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar, akawakaribisha wamisionari, akatafuta marafiki wapya ili asitegemee mwenyeji mmoja wa pwani. Alielewa vyema kwamba mwenye kushika njia husikilizwa hata na walio mbali. Alifariki Desemba 1884, na kwa kuwa mpango wote ulishikiliwa na mtu mmoja, himaya ikasambaratika, na muda mfupi baadaye Wajerumani wakafika.

Wajerumani nao walikuja na hesabu ileile. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, lengo likiwa kuvuta mazao na madini ya katikati ya Afrika, yakiwemo ya Kongo ya Wabelgiji, yapite katika bandari yao. Vita vilipokwisha na Uingereza ikashika Tanganyika, mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Yaani sehemu ya bandari yetu ilikodishwa pasipo mwisho na mtu asiye mwenye nyumba. Mwishoni mwa mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Julius Nyerere alilieleza Bunge kwamba Uingereza, ikiwa ni msimamizi tu wa Tanganyika, haikuwa na mamlaka ya kuifunga nchi kwa ahadi ya milele. Kisha akaueleza Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbilimbili iliyorithiwa itaendelea kwa miaka miwili tu, na ambayo haitakuwa imekubaliwa upya itakufa. Msimamo huo unasomwa hadi leo katika sheria za kimataifa kwa jina la Nyerere, na suala lililouzaa lilihusu gati za Dar es Salaam na Kigoma.

Ninalikumbusha hili kwa sababu vijana wengi hudhani kuyumbishwa na wakubwa ni jambo jipya. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa Tanzania, baada ya Muungano, iliruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Nyerere akawaambia waondoke na misaada mingine pia. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi weupe walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Nchi za Magharibi zilipokataa kugharamia reli ya kuelekea Zambia, China ilitoa mkopo usio na riba, na TAZARA, yenye kilomita 1,860, ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Maamuzi hayo yalikuwa na gharama kubwa, na si sahihi kuyasimulia kana kwamba yalikuwa ushindi mtupu. Yalichofanya ni kuiongezea nchi njia.

Leo mashindano yamerudi palepale, ila mzigo ni mwingine. Kongo huzalisha zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia pamoja na shaba nyingi, madini yanayohitajika katika betri na nyaya za umeme, na kampuni za China zina hisa kubwa katika migodi hiyo. Marekani na Ulaya wameunga mkono ukanda wa Lobito, reli inayotoka bandari ya Angola hadi mpakani mwa Kongo na kuendelea Kolwezi, ambapo taasisi ya Marekani ya fedha za maendeleo iliidhinisha mkopo wa dola milioni 553, na Rais Joe Biden akaenda Lobito mwenyewe Desemba 2024. Miezi mitatu kabla ya hapo, jijini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping walishuhudia kutiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA kwa mtaji wa China. Reli moja inavuta mzigo magharibi kuelekea Atlantiki, nyingine inauvuta mashariki kuelekea Bahari ya Hindi. Kwa Kongo na Zambia hiyo ni neema, kwa kuwa mwenye mzigo na njia mbili anaweza kujadili nauli. Kwa Tanzania ni onyo kwamba jiografia peke yake haimleti mteja.

Katikati ya hayo kuna Reli ya Kati. Reli ya kisasa ya SGR kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, kilitiwa saini Desemba 2022 na kampuni mbili za China kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.2. Lakini vipande kutoka Dar es Salaam hadi Tabora na kuendelea Isaka vilipewa kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Sehemu ya mikopo imetoka benki za Ulaya, na kile cha kwenda Burundi, kutoka Uvinza hadi Musongati, kinaungwa mkono na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Huko bandarini Dar es Salaam, gati kadhaa zinaendeshwa na DP World ya Dubai tangu mkataba wa Oktoba 2023, na kitengo cha makontena kikachukuliwa mwaka uliofuata na ubia wenye kampuni za India na Abu Dhabi. Wapo wanaolaumu mchanganyiko huu kwamba ni kuuza nchi vipandevipande, na hoja yao kuhusu uwazi wa mikataba ina uzito. Hata hivyo, ukitazama kwa jicho la nani anaweza kutukaba koo siku akikasirika, mchanganyiko huu una mantiki: hakuna mji mkuu mmoja wa kigeni ambao ukisema basi, njia nzima kutoka baharini hadi ziwani inasimama.

Mfano unaoonekana zaidi uko Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Pale ndipo kilipojengwa kiwanda cha kuyavika mabomba ya mradi wa mafuta ghafi wa EACOP, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, hayatiririki yakipoa, kwa hiyo ni lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi hamsini hivi. Mabomba ya chuma yaliyofika Sojo kutoka China yalivikwa tabaka la kuhifadhi joto kabla ya kupelekwa kufukiwa. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi huo Septemba 2022 kwa hoja za mazingira na haki za watu, na benki nyingi za Magharibi zikajitoa. Mradi haukufa. Machi 2025 ilitangazwa awamu ya kwanza ya mikopo kutoka kwa wakopeshaji wakiwemo Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini na KCB ya Uganda. Hoja za mazingira bado zipo na zinahitaji majibu ya kweli, hasa kwa familia zilizopisha mkuza, yaani ukanda wa bomba. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba miaka ishirini iliyopita kukataa kwa benki za London na Paris kungetosha kuufunga mradi wa ukubwa huo, na sasa hakutoshi. Huko ndiko kuhama kwa nguvu kunakozungumzwa.

Fedha ni uwanja mwingine. Kati ya mwaka 2023 na 2024 dola ziliadimika nchini, waagizaji wakapanga foleni benki, na shilingi ikadhoofika. Chanzo kikubwa kilikuwa Marekani kupandisha riba zake ili kudhibiti mfumuko wa bei wa kwao, hatua iliyovuta dola kurudi kwao kutoka kila pembe ya dunia. Majibu ya Tanzania yalikuwa mawili ya kukumbukwa. Kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanaouza nje walitakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu na isafishwe nchini. Na Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani. Uamuzi wa dhahabu ulikuja wakati mzuri, kwa maana bei yake ilivuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, benki kuu nyingi zikiwa zinanunua kwa hofu ileile ya kutegemea dola. Kenya ilichukua njia tofauti: mwezi huohuo ilibadilisha mikopo yake ya reli kutoka China, iliyokuwa kwa dola, kuwa yuani zenye riba nafuu. Hapo panahitajika tahadhari, kwa sababu anayehamisha deni kutoka fedha moja ya kigeni kwenda nyingine amebadilisha tu mtu wa kumtegemea.

Kisha kuna suala la kuongeza thamani, ambalo wanasiasa wetu hulitaja sana na kulieleza kidogo. Indonesia ilizuia kuuza nje mawe ghafi ya nikeli kuanzia Januari 2020, ikiwalazimisha wanunuzi wakajenge viwanda kwake. Umoja wa Ulaya uliishitaki na kushinda mwaka 2022. Indonesia ikakata rufaa kwenye kile chombo cha rufaa kisicho na majaji, na kesi ikalala hapo. Viwanda vikajengwa, vingi kwa mtaji wa China na kwa umeme wa makaa ya mawe, uzalishaji ukafurika, na bei ya nikeli ikashuka duniani kote. Hapo ndipo hadithi inapotugusa, kwa sababu Tanzania ina nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, yenye mpango wa kusafishiwa Kahama, na Burundi ina ya Musongati, ambayo reli ya kutoka Uvinza inajengwa kwa kuitegemea. Mafanikio ya Indonesia yameshusha bei ambayo miradi yetu ilipigiwa hesabu. Kongo nayo ilisimamisha uuzaji wa kobalti Februari 2025 na kuweka mgawo kuanzia Oktoba, na bei ikapanda. Ila Kongo inaweza kufanya hivyo kwa kuwa inashika sehemu kubwa ya soko la dunia. Nchi yenye sehemu ndogo ya soko ikifunga mlango, mnunuzi huenda kwa jirani.

Naam, majirani. Sehemu hii huniudhi kuliko zote. Tunalalamikia kuta za ushuru za wakubwa huku sisi wenyewe tukijengeana vizuizi. Aprili 2025, wiki chache tu baada ya tangazo la Marekani, Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikijibu Malawi iliyokuwa imezuia unga, mchele, ndizi na tangawizi yetu, na Afrika Kusini iliyokuwa imezuia ndizi zetu kwa miaka. Mazungumzo yalifanyika na zuio likaondolewa ndani ya siku chache, lakini malori yalikuwa yamekwisha kukwama. Nchi zote tatu ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na zote ziko katika Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara chini yake ilianza rasmi Januari 2021. Kigoma tunajua maana ya soko la jirani kuliko wengi. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikiuzwa kando ya ziwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Saruji, unga na sabuni hushuka gatini kwetu kuelekea Bujumbura, Uvira na Kalemie, na Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 ziwa lote isipokuwa kipande cha Zambia likawa ndani ya jumuiya moja. Desemba 2025 mapigano ya mashariki mwa Kongo yalipofika Uvira, ikaonekana wazi kwamba soko la jirani lisilo na amani haliwezi kuwa mbadala wa soko la mbali.

Je, kuna nchi iliyofaulu? Vietnam hutajwa mara nyingi, na inastahili. Septemba 2023 iliupandisha uhusiano wake na Marekani hadi daraja la juu kabisa, miezi mitatu baadaye ikampokea Xi Jinping, na Juni 2024 ikampokea Vladimir Putin. Viwanda vilivyokimbia ushuru uliowekewa China vilihamia kwake. Lakini hata yeye, Julai 2025, alikubali ushuru wa Marekani wa asilimia 20, na asilimia 40 kwa bidhaa zitakazoonekana kuwa za nchi nyingine zilizopitishwa tu kwake. Kuwa rafiki wa wote hupunguza kipigo, hakukiondoi.

Kwa upande wetu, mlango uliofunguliwa na China haujatumika ipasavyo. Tangu Desemba 2024 China haitozi ushuru bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwa mojawapo. Asali ya miombo ya Tabora na Kigoma haikwami kwa ushuru. Inakwama kwenye vyeti vya maabara, itifaki za afya ya mazao, na uwezo wa kumpa mnunuzi tani za ubora uleule mwezi baada ya mwezi. Kazi hiyo ni ya ndani, inahitaji maabara na vyama vya ushirika vyenye uongozi mzuri, na hakuna mkutano wa marais unaoweza kuifanya kwa niaba yetu.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani hasa anajipanga. Serikali inaweza kuwa na reli za wakandarasi kadhaa na akiba ya dhahabu, wakati mkulima bado ana mnunuzi mmoja. Tazama soko la tumbaku Urambo au Kaliua. Marobota hupangwa kwa mistari, mteuzi hupita akifungua majani, akiyanusa na kuyakunja, kisha hutamka gredi, na kila gredi ina bei yake kwa kilo ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa kwa dola. Mkulima aliyekata kuni, akajenga bani la kukaushia majani, akakesha akichochea moto, hulipwa kwa shilingi baada ya kukatwa mkopo wa pembejeo kupitia chama chake cha msingi. Dola ikishuka kati ya siku ya mkataba na siku ya malipo, pengo ni lake. Mbolea ikipanda kwa sababu ya vita vya Ulaya, deni ni lake. Kampuni kubwa ikiamua huko ng'ambo kupunguza mikataba, tumbaku inayozidi hubaki ghalani kwake.

Wapo wanaomshauri ahamie alizeti, karanga au korosho, na ushauri wenyewe si mbaya. Zao kama alizeti, linalonunuliwa ndani ya nchi, lingempunguzia hatari ya dola. Lakini mkopo wa pembejeo unaomfikia kwa urahisi ni ule unaodhaminiwa na mkataba wa tumbaku, na mkataba hutolewa na mnunuzi wa tumbaku. Anayetaka kupanda alizeti ekari tatu itambidi apate mbegu na mbolea kwa fedha taslimu mwezi Novemba, wakati ghala lake la chakula ndilo linaelekea kuisha. Ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022 ilipunguza ukali wa jambo hili bila kulimaliza, kwa sababu ruzuku hushusha bei ya mfuko na haimpi mkulima fedha ya kuununulia. Benki na vyama vya ushirika vikianza kukopesha kwa kuangalia shamba na historia ya mkulima badala ya mkataba wa zao moja, kaya za Sikonge na Uyui zitapata kile ambacho taifa limekuwa likijitafutia kwenye reli: zaidi ya mnunuzi mmoja, na nafasi ya kukataa bei.